Mota ya 21.5, 17.5 au 13.5: ipi ya kuanzia kwenye klabu ya magari ya rimoti?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Leicester, Uingereza, na mwanangu wa kiume ana miaka 12. Tumegundua klabu inayoshindanisha magari ya rimoti ya umeme, yale ya kipimo cha moja kwa kumi, ndani ya ukumbi uliotandikwa zulia. Tulikwenda kutazama, na tangu siku hiyo nyumba haina mada nyingine. Wana makundi manne: Tamiya zenye mota ya kiwandani, GT ya 21.5, touring (yale yenye bodi ya gari la saluni) ya 17.5 na touring ya 13.5. Kuna mtu anatuuzia touring iliyotumika, ina mota ya 13.5 na spidi kontrola yake (kile kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota), pauni 250. Anasema tuichukue, maana mota kali unaweza kuipunguza kwenye rimoti mpaka mtoto azoee, lakini mota pole huwezi kuiongeza. Rafiki yangu naye anasema 21.5 ndiyo yenye nguvu kwa sababu namba yake ni kubwa. Nimechanganyikiwa. Na mimi nataka nikimbize pamoja na kijana. Tuchukue mota gani, na tutajuaje kwamba wakati wa kupanda umefika?"

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na mpe kijana salamu zangu. Naona una hofu mbili: kununua kitu kimoja mara mbili, na mtoto kukata tamaa kabla hajaonja utamu wa mchezo. Zote ni hofu za haki. Basi nikupe msimamo wangu kwanza. Anzeni na 21.5 nyote wawili, mradi kundi hilo lina watu wa kutosha kila wiki pale klabuni kwenu. Kama siku nyingi wanajitokeza watatu tu, nendeni 17.5. Hiyo 13.5 iwekeni kando kwa sasa, hata kama gari lenyewe mtalinunua.

Tuanze na namba, maana rafiki yako ameisoma kinyume. Ukilegeza skrubu tatu za nyuma ya mota hizi zisizo na kaboni (vile vipande vinavyosugua ili kupitisha umeme), ndani utakuta sehemu tatu. Ya kwanza ni stata, bomba lililopangwa kwa vipande vyembamba vya chuma, lenye waya wa shaba uliozungushwa humo ndani. Katikati kuna rota, kijiti chenye sumaku. Nyuma kabisa kuna kibao kidogo cha sensa kinachoiambia spidi kontrola sumaku imeelekea wapi. Hiyo 17.5 ni idadi ya mizunguko ya waya kwenye kila koili. Ile nusu inatokana na waya kuingilia upande mmoja wa stata na kumalizikia upande wa pili.

Mizunguko ikiwa michache, waya unakuwa mfupi, na kwa kuwa nafasi ndani ya stata ni ile ile, fundi anaweza kuweka waya mnene zaidi. Ukinzani unashuka, umeme mwingi unapita, na rota inazunguka haraka zaidi kwa kila volti. Kwa hiyo namba ikipanda, mota inakuwa pole. Ikishuka, mota inakuwa kali. Kwa makadirio, mota ya 21.5 hutoa RPM (mizunguko kwa dakika) 1,800 hivi kwa kila volti, ya 17.5 kama 2,200, na ya 13.5 kama 3,000. Zidisha kwa volti 7.4 za betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili, utaona 17.5 ikifika RPM 16,000 na ushee bila mzigo, na 13.5 ikipita 22,000.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Ukiona 22,000 dhidi ya 16,000 unadhani gari moja litaliacha jingine mbali kwenye mstari ulionyooka. Lakini katikati kuna gia. Chukua touring ya kawaida yenye gia kubwa ya meno 87 na uwiano wa ndani wa 1.9. Mwenye 17.5 anaweza kufunga pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 45, na mota yake ikawa inazunguka mara 3.7 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Mwenye 13.5 hawezi kuthubutu hilo, mota itaungua. Anafunga pinioni ya meno 34 hivi, na uwiano wake unakuwa karibu 4.9. Tairi la touring likizunguka mara moja linakwenda sentimita 20 hivi. Piga hesabu uone: kwenye karatasi, la kwanza linafika kilomita 53 kwa saa, la pili kilomita 55. Kilomita mbili tu!

Tofauti ya kweli iko kwenye namna gari linavyoifikia kasi hiyo. Kwa stata ya ukubwa ule ule, ukinzani hushuka kwa mraba wa mizunguko, na kilele cha nguvu hupanda kwa kiasi hicho hicho. Kutoka 17.5 kwenda 13.5 kilele kinapanda karibu mara 1.7. Kutoka 21.5 kwenda 13.5 ni mara mbili na nusu. Hizo ni hesabu za kwenye karatasi. Barabarani, betri, nyaya na mshiko wa matairi hulipunguza pengo, ila haliishi. Maana yake kwa mwanao ni hii: akitoka kwenye kona na kidole kikateleza kidogo tu kwenye triga, gari la 13.5 limeshagonga ubao wa pembeni mwa njia. Lile la 21.5 litampa muda wa kuona kosa lake na kulirekebisha. Na ukumbi wa michezo si uwanja wa ndege. Mstari mrefu kuliko yote humo huenda usizidi mita 25, baada yake ni kona juu ya kona.

Tuseme raundi moja ukumbini kwenu ni sekunde 15, na mbio ni za dakika 5, kama ilivyo katika vilabu vingi. Hiyo ni raundi 20. Tuseme pia mota kali inakupa nusu sekunde kwa kila raundi ukiwa dereva safi; mwisho wa mbio umepata sekunde 10. Sasa gonga ubao mara mbili, gari lipinduke, umsubiri msimamizi wa kona alifikie na kulisimamisha, kila mara sekunde 5 au 6. Faida yote imekwisha. Mgeni wa mchezo hagongi mara mbili, anagonga mara nyingi zaidi ya hapo, na kila akigonga kwa mota kali kuna mkono wa saspensheni uliovunjika wa kununua. Ndiyo maana hata nikimshauri mtu mzima mwenye pesa zake, bado namwelekeza kwenye namba kubwa.

Muuzaji wako anasema mota kali inaweza kupunguzwa kwenye rimoti. Kuna ukweli ndani yake, nisimwonee. Rimoti nzuri inakuruhusu kuweka kikomo, ukibana triga yote gari lipate asilimia 60 tu. Kwa mazoezi ya nyumbani au kwenye maegesho matupu, fanyeni hivyo bila wasiwasi. Lakini kikomo hicho kinakata kasi ya juu zaidi kuliko kinavyotuliza mshtuko wa kuanza, kwa sababu ukinzani wa waya haujabadilika na gia bado ni fupi, yaani pinioni ni ile ile ndogo. Unabaki na gari linaloruka likitoka kwenye kona, kisha linakosa pumzi kwenye mstari. Na kuna jambo zito zaidi: mkaguzi hataangalia rimoti yako, ataangalia maandishi kwenye mota. Mota ya 13.5 hata ukiibana namna gani, utapangwa na wenzako wa 13.5, ambao hawajabana chochote. Kijana atatumia jioni nzima akipisha magari ya watu.

Kuna neno utalisikia sana pale klabuni: blinki. Spidi kontrola za kisasa zinaweza kusogeza taimingi ya mota, yaani wakati umeme unapoingia kwenye koili, kadiri RPM zinavyopanda, na nyingine zinaongeza tena ukibana triga hadi mwisho. Kati ya mwaka 2009 na 2010 teknolojia hiyo iliingia kwenye makundi ya mota pole, na mota ya 17.5 ikaanza kukimbia kama ya namba ya chini sana, huku wengine wakizichoma kwa joto. Vilabu vikatafuta njia ya kuizuia, na watengenezaji wakaweka hali maalumu ambayo taimingi ya ziada imezimwa kabisa. Ukiwa ndani yake, taa ya spidi kontrola inamweka bila kukoma, na mkaguzi akiitazama kabla ya mbio anajua uko sawa. Kwa hiyo waulize klabuni kama 21.5 na 17.5 zao ni blinki. Kwenye 13.5 uliza kwa makini zaidi, maana sehemu nyingine wanaruhusu taimingi ya ziada, na hapo ni mchezo mwingine kabisa.

Hata kwenye blinki bado kuna taimingi ya mkono. Nyuma ya mota nyingi kuna alama za digrii. Ukilegeza skrubu unaweza kukizungusha kibao cha sensa. Ukiongeza, RPM zinapanda, na umeme unaoliwa unapanda pamoja na joto. Nimeshika mota zilizotoka mbioni na kidole kikashindwa kukaa hata sekunde moja, mwenyewe akishangaa kwa nini gari lilichoka dakika ya nne. Kapime kwa kipima joto mara gari linaposimama. Kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi uko salama. Ikikaribia 80, punguza pinioni jino moja au mawili kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu sumaku ya rota ikishaungua hairudi ilivyokuwa. Gia ndefu, yaani pinioni kubwa mno, kwenye mota pole ni sawa na kupanda mlima kwa baiskeli ukiwa kwenye gia nzito: unakwenda, lakini anayeumia ni anayekanyaga. Bora zaidi kama kundi lenu la 21.5 linatumia mota moja iliyochaguliwa na klabu, yenye taimingi iliyofungwa kiwandani. Hapo hakuna cha kuzungusha, na hakuna wa kukuzidi kwa mfuko.

Na hilo la mfuko lisemwe wazi, maana watu huwaambia wageni kwamba makundi ya mota pole ni ya bei rahisi. Kuingia ni rahisi. Kushinda, si lazima. Kwenye 17.5 ambayo mtu yuko huru kuchagua mota yoyote iliyoidhinishwa, wenye kiu ya ushindi hununua mota mpya kila inapotoka, hubadilisha rota, hupima kila mota kwa mashine kutafuta iliyozaliwa na bahati, na hutafuta bearing za kauri ili mradi wapunguze msuguano. Nguvu ikiwa ndogo, kila punje inahesabiwa. Vyama kama BRCA hapo Uingereza na ROAR kule Marekani hutoa orodha za mota zilizoidhinishwa ili mambo yasivuke mpaka, na inasaidia, lakini haiondoi tamaa ya mtu. Wenye mota kali za kundi huria, lisilo na kikomo cha namba ya mota, hawahangaiki sana na mota, kwani nguvu wanayo ya kumwaga. Pesa zao zinaishia kwenye matairi na vipuri. Wewe hayo yasikutishe. Katika klabu nyingi raundi za mchujo hupanga watu kwa uwezo, fainali A wakali, kisha B na C, na kule C mota ya mwaka huu haina kazi yoyote. Mtakimbizana na watu wa kiwango chenu.

Umetaja pia Tamiya za mota ya kiwandani. Bila shaka ni ile ya kaboni ya ukubwa wa 540, yenye ganda la fedha, inayokuja ndani ya boksi la magari kama TT-02. Ni kundi lenye furaha, gari ni gumu, na mtoto ataliunga mwenyewe mezani akajua kila skrubu inakwenda wapi. Hilo lina thamani kubwa. Kasoro yake ni kwamba kaboni huchakaa, na mota mbili za bei ile ile zinaweza kutofautiana wazi wazi, halafu huwezi kuzifungua ukazirekebisha. Kama bajeti ni finyu, au kama watoto wa umri wake wamejaa kundi hilo, mpeleke huko bila kusita. Kwa miaka 12, marafiki wa rika lake watamrudisha klabuni kila wiki kuliko mota yoyote.

Nikirudi kwenye lile gari la pauni 250, msilikatae kwa sababu ya mota. Mota zote hizi tatu zina umbo moja, matundu ya skrubu yale yale na shafti yenye unene ule ule. Kuhama kutoka 13.5 kwenda 21.5 ni kubadilisha mota na pinioni, mengine yanabaki. Kitu cha kuangalia ni chasisi na spidi kontrola. Uliza wenyeji kama vipuri vya chasisi hiyo bado vinapatikana, na kama kuna mtu pale klabuni anayeitumia, ili siku ya kuvunjika upate wa kukuazima. Angalia kama spidi kontrola ina tundu la sensa na ina hali ya blinki. Ikikosa kimojawapo, toa gharama yake kwenye bei. Jambo jingine la kuangalia ni sheria ya kundi la GT: mara nyingi wanadai bodi na matairi ya aina fulani, na pengine touring hiyo haikubaliki huko bila mabadiliko. Haya mambo kila klabu ina yake, waulizeni kabla ya kutoa pesa.

Mkibadilisha mota wenyewe, waya zina herufi A, B na C. Kwenye mota za sensa lazima A iende kwa A, B kwa B na C kwa C. Ukikosea, gari litatetemeka bila kwenda, na ukilazimisha unaweza kuua spidi kontrola. Kama hujawahi kushika pasi ya kulehemu, usijifunzie kwenye mota mpya. Joto likikaa muda mrefu linaharibu viungio vya ndani. Mwombe mtu klabuni akuoneshe, watu wa mchezo huu hupenda sana kuombwa.

Betri sitaki kuzipita juu juu, maana kuna mtoto nyumbani. Chaja iwe ya lipo, iliyowekwa kwenye hali ya kusawazisha seli, isizidi volti 8.40 kwa betri ya seli mbili, na kwa betri ya 5,000 mAh isizidi ampea 5. Chajini ndani ya mfuko wa lipo. Vilabu vingi huko vinadai hivyo. Msiache betri ikichajiwa mkiwa mmelala au mmetoka. Betri ikivimba, hata kidogo, au ganda likipasuka baada ya kugonga, msiijaribu tena. Itoeni nje ya nyumba, muipeleke dukani au klabuni wakuelekezeni namna ya kuitupa. Hali kadhalika mota ikitoa harufu ya kuungua, au ukizungusha shafti kwa vidole ukasikia inakwaruza: ifikishe mezani kwa mkaguzi wa klabu kabla ya kuiwasha tena, maana mambo hayo huonekana kwa macho na kusikika kwa sikio, mimi kwa maandishi sitakusaidia.

Kuhusu wewe na kijana kuwa kundi moja, mimi naunga mkono. Mtachangia pinioni, matairi na vipuri, na mkigundua mpangilio unaofanya kazi kwenye gari moja mnauhamishia la pili. Tatizo ni kwamba mkipangwa mbio moja hutaweza kumsaidia kuweka gari, na baada ya mbio wote mnatakiwa kusimama kwenye kona kuinua magari ya wenzenu. Mweleze mwendesha mbio siku ya kwanza awapange tofauti. Atafanya hivyo.

Umeuliza wakati wa kupanda utaujuaje. Klabu itakupa karatasi, au ukurasa wenye muda wa kila raundi. Usitazame raundi yake ya haraka kuliko zote; kila mtoto ana moja ya bahati. Tazama pengo kati ya raundi zake nzuri na za kawaida. Siku akimaliza dakika 5 kamili bila kupinduka, na raundi zake nyingi zikipishana kwa nusu sekunde tu, na akarudia hivyo wiki kadhaa, 21.5 imeshampa ilichonacho. Mnunulieni 17.5 na pinioni mbili tatu za kujaribia. Na usishangae kama kijana atakuwa tayari kabla yako, vidole vya umri ule hujifunza haraka, usimzuie akusubiri.